Baridi ya Minnesota, umeme wa Texas

Barabara ya I-35 inaanzia Laredo, Texas, mpakani na Meksiko, inapanda kaskazini hadi Duluth, Minnesota, kwenye Ziwa Superior. Njiani inagawanyika mara mbili tu. Ikifika Dallas na Fort Worth inakuwa 35E na 35W, kisha zinaungana tena. Ikifika Minneapolis na Saint Paul inafanya mchezo uleule. Mimi nimekaa kwenye njia panda zote mbili: miaka tisa ile ya juu, na sasa mitano hii ya chini. Kwa hiyo mdogo wangu wa Houston aliponitumia sauti ya dakika saba akiuliza ahamie Minnesota au abaki Texas, nilijua leo nimepatikana.

Kundi letu la WhatsApp la watu wa Tanga tulioko Marekani limeshamjibu, na majibu yao nayajua hata kabla sijayasikiliza. Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Texas hakuna theluji. Texas unanunua nyumba. Yote matatu ni kweli, au tuseme mawili na nusu, maana hiyo ya theluji nina kesi nayo.

Tulifika Minnesota Machi 2011, mimi na mume wangu, grin kadi za bahati nasibu mkononi na majaketi ya mtumba tuliyonunua Tanga. Mwenyeji wetu alitutazama pale uwanja wa ndege akacheka hadi akashika ukuta. "Shemeji, haya ni ya mvua." Siku ileile akatupeleka kununua majaketi ya kweli, yale yenye manyoya ya bata ndani, yanayofika magotini na kofia yenye ukingo wa manyoya. Dola mia na kitu kila moja. Nilidhani ametupiga.

Tukaanza kubeba boksi kama wengine. Mume wangu ghalani, mimi kwenye nyumba ya wazee: kuogesha, kugeuza, kulisha, kuitwa majina ya watu waliokufa zamani. Nikasoma usiku nikawa LPN, yaani muuguzi msaidizi mwenye leseni. Tulikaa Brooklyn Park, kazi iko kusini mwa Minneapolis, na gari lilikuwa la mume wangu, kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa basi namba 5, lile lililokuwa likitoka Brooklyn Center likakata jiji zima hadi Mall of America. Ndani ya basi hilo nimesikia Kiswahili cha kila aina. Wasomali wa Minneapolis wengi wamepitia Kenya, Dadaab au Nairobi, na mama wa Kisomali akishajua unatokea Tanga hakuachi ushuke bila kukuelekeza duka lenye nyama nzuri ya mbuzi.

Mama yetu alikuja kututembelea Oktoba 2018 akakaa hadi Machi. Mashine ya kufulia hakuiamini. Siku moja Desemba akafua kanga zake kwa mkono, akazianika roshani, akaenda kusali. Niliporudi kazini nilimkuta amesimama sebuleni ameshika doti moja kwa ncha, nayo imesimama wima kama mlango, ngumu, imeganda kabisa. Maandishi yalikuwa yanasomeka kama kibao cha duka: Wema hauozi. Akanitazama akasema, "Mwanangu, na hii nayo ni nchi?"

Kilichomchanganya zaidi ni saa. Tanga jua linazama saa kumi na mbili na ushei, mwaka mzima, unajipangia maisha. Minnesota mwezi wa Desemba magharibi inaingia saa kumi na nusu jioni, watoto hata hawajamaliza kula vitafunio vya kutoka shule. Mwezi wa Juni inaingia saa tatu usiku. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni. Tulikula daku kabla ya saa tisa usiku, tukafuturu saa tatu usiku, na katikati hapo mimi nina zamu ya saa nane nagawa dawa kwa wazee wanaonibembeleza nionje pudini.

Sasa sikilizeni hili. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo cha uwanja wa ndege wa Minneapolis kilisoma nyuzi 33 chini ya sifuri, hapo upepo haujahesabiwa. Posta ilisimamisha kupeleka barua. Na ndani ya nyumba yetu ya kupanga, mama alikuwa amevaa dera jepesi, yuko peku, anapika vitumbua na kulalamika joto. Nyumba za kule zinajengwa kwa ajili ya siku kama ile: dirisha lina vioo viwili, kuta zimeshindiliwa, hita inanguruma chini. Kuna hadi kanuni ya jimbo inayozuia kampuni kumkatia mtu huduma ya kupasha nyumba joto kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, mradi amekubaliana nao namna ya kulipa. Baridi ya Minnesota inakupata kati ya mlango na gari. Hapo itakunyoosha kweli, na betri ya gari itakufa, na utajifunza kutembea na waya za kubusti kama mtu anavyotembea na simu. Lakini ukishafunga mlango imebaki nje.

Haya yana bei, na bei inakatwa kabla hujaiona hela. Ninazo bado slipu zangu za mshahara za mwaka 2020. Kila baada ya wiki mbili jimbo lilichukua kama dola 110 kutoka kwangu, na kwa mume wangu karibu hivyohivyo. Kodi ya mapato ya Minnesota inaanzia asilimia 5.35 na kwa matajiri inafika 9.85. Niliinung'unikia miaka yote tisa. Lakini mwaka 2014 nilipojifungua mtoto wa kwanza, tukiwa na mshahara mmoja na nusu, bima ya jimbo ililipa kila kitu, na bili iliyonifikia ilisema sifuri. Niliigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa wa pili. Na kila mwaka, ingawa tulikuwa wapangaji tu, tulijaza fomu tukarudishiwa sehemu ya kodi ya jengo iliyomo ndani ya pango letu. Nguo hazitozwi kodi ya mauzo, ambalo si jambo dogo ukiwa na watoto ambao miguu yao inakua kila wiki.

Kwa nini tuliondoka, basi?

Kwanza nyumba. Minnesota haikosi juu kwenye zile orodha za majimbo yenye maisha bora, lakini pengo kati ya Weupe na Weusi katika kumiliki nyumba kule ni miongoni mwa makubwa Marekani nzima. Sisi tulikuwa ndani ya pengo hilo, tumetulia, tunalipa pango. Kila tukikaribia malipo ya kwanza, bei inasogea.

La pili, Mei 25, 2020, George Floyd aliuawa na polisi kwenye kona ya mtaa wa 38 na Chicago Avenue. Basi langu namba 5 lilipita kona ile. Nimeipita kwenda kazini na kurudi, sijui mara ngapi, nimeegemeza kichwa kwenye kioo nikisinzia. Mume wangu hakusema mengi. Siku ya tatu alifungua kompyuta akaanza kutafuta kazi za ghala Arlington, Texas, alikokuwa na rafiki yake wa Muheza. Sisemi polisi wa Texas ni malaika. Mtu akishtuka hutazama pengine, ndivyo tulivyo.

Julai tukapakia lori la kukodi tukashuka na I-35. Des Moines, Kansas City, tukalala Wichita, Oklahoma City, Texas. Kilometa 1,500 na ushei, watoto wawili nyuma, ndizi na chapati kwenye beseni.

Leseni yangu ndiyo haikusafiri. Majimbo mengi, Texas ikiwamo, yako kwenye mkataba unaoruhusu leseni moja ya uuguzi itumike kote. Minnesota haimo. Nikaomba upya, nikakaa wiki kadhaa bila kazi, na ilipotoka nilikuwa si LPN tena bali LVN, maana Texas na California ndivyo wanavyoita. Wazee walewale, vidonge vilevile, herufi nyingine, na dola mbili pungufu kwa saa. Lakini slipu ya kwanza ya Texas! Pale kwenye mstari wa kodi ya jimbo hapakuwa na kitu. Tulikwenda kula samaki siku hiyo.

Samaki wale waliliwa na gari. Arlington ina watu karibu laki nne na haina mabasi ya kawaida yenye njia na vituo. Kuna vigari vya kuita kwa simu, ukivipata. Mtu wa basi namba 5 akageuka mtu wa mkopo wa gari, bima ya gari, na barabara za kulipia ambazo bili yake inakuja mwezi baadaye na picha ya namba yako.

Majaketi yetu tuliyafunga kwenye boksi tukaandika TOA SADAKA. Tukawa tunasubiri siku ya kuyapeleka. Uvivu wetu ndio uliotuokoa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Februari 15, 2021, saa nane hivi, umeme ukakatika. Tulikuwa kwenye apatimenti ambayo kila kitu ni umeme: hita, jiko, maji ya moto. Wakasema ni mgao wa zamu. Mtanzania akisikia mgao hashtuki, tumekulia mgao. Nikajaza maji kwenye masufuria yote, nikatoa mishumaa, nikarudi kulala nikijisikia mjanja. Zamu yetu ilidumu siku mbili na nusu.

Jumanne ile uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth ulifika nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo hawakuwa wameiona tangu 1949. Ndani kwetu kipimo cha ukutani kilionyesha nyuzi 5. Kuta ni kama za boksi la viatu, madirisha kioo kimoja. Tukalala wanne kitanda kimoja, majaketi ya Minnesota juu, na binti yangu akaniuliza kama tumerudi. Asubuhi jirani, kijana wa Kitexas mwenye mwili wa kubeba friji, alibisha hodi akiwa amevaa soksi mikononi. Soksi, jamani. Mume wangu akampa jaketi lake, yeye akabaki na blanketi na msuli.

Mlango wa tatu nikamwona mama mmoja anakokota jiko la kuchomea nyama kwenda ndani. Nilimfokea kwa Kiswahili, Kiingereza kikaja baadaye. Sisi tuliolelewa na mkaa hatuhitaji kuambiwa: jiko la mkaa halilali kwenye chumba kilichofungwa. Wiki ile Texas walikufa watu kwa hewa ya namna hiyo, wengine ndani ya magari yao waliyowasha gereji ili wapate joto. Tukaliweka jiko kwenye maegesho, nikapika uji wa unga wa mahindi na chai ya tangawizi, na foleni ikawa ndefu kuliko sufuria. Bomba la ghorofa ya juu lilipasuka Jumatano, maji yakashuka kwenye ukuta wetu na kuganda palepale, ukuta ukawa unang'aa.

Baadaye nilijifunza sababu. Texas ina gridi yake peke yake, imejitenga makusudi ili isiwe chini ya wasimamizi wa serikali kuu. Visima na mabomba ya gesi yalipoganda, mitambo ikazima, na kuazima umeme kwa majirani ikawa haiwezekani ila kwa tone. El Paso ni Texas hiyohiyo, lakini iko kwenye gridi ya majimbo ya magharibi, na wao taa zao karibu zote ziliendelea kuwaka. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Ndiyo maana mtu akiniambia Texas hakuna baridi namwuliza: baridi ya nje au ya ndani?

Haki yake nayo niipe. Mwaka 2022 tulinunua nyumba. Vyumba vitatu, ua wa nyuma, mlimao mmoja kwenye pipa ambao mume wangu anauongelesha. Kwa kipato chetu Minnesota tusingeweza. Halafu ikaja bili ya kodi ya nyumba: dola 6,300 kwa mwaka. Nikachukua kalamu. Zile dola 110 zangu na za mume wangu, mara ishirini na sita, zinakaribia dola 5,700. Kodi tuliyoikimbia ilikuwa imetangulia kufika, inatusubiri mlangoni imevaa shati jingine. Kila mwaka, kabla ya Mei 15, wenye nyumba tunakwenda kubisha thamani tuliyopangiwa. Mimi huenda na picha za nyufa.

Nyufa, ndiyo. Udongo wa huku ni mfinyanzi, kiangazi unasinyaa na msingi unashuka, kwa hiyo watu wanazungusha mpira wa maji kuzunguka nyumba na kuumwagilia msingi. Mama alipokuja mara ya pili, kiangazi cha 2023, kila siku nyuzi 40, kanga inakauka kabla hujaibana kibanio cha pili, alimkuta mkwewe nje saa moja asubuhi na mpira. Akamwangalia kwa muda. "Baba, mnaimwagilia nyumba ili ikue?"

Nilivyoona mimi, Minnesota inakata kwanza, Texas inadai baadaye. Texas inakuachia hela mkononi, na wewe mwenyewe ndiye basi lako, hita yako, bima yako. Ukiwa mzima na kazi nzuri unaona umepata. Ndipo ninaporudi kwa mdogo wangu.

Yeye alikuja moja kwa moja Houston mwaka 2016. Hana mume, hana mtoto. Mwaka jana kazini walimpunguzia saa zikawa ishirini kwa wiki, dola 14 kwa saa, bima ikaondoka na zile saa. Texas haikupanua Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, na mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu haipati hata awe fukara vipi. Na kwa kipato kile alikuwa chini mno hata kwa ile ruzuku ya serikali kuu ya kununulia bima. Amekwama katikati, maskini mno kwa ruzuku, si mgonjwa wa kutosha kwa Medicaid. Texas ndiyo inayoongoza Marekani kwa wasio na bima, karibu mmoja kati ya sita. Agosti kidole tumbo kikamshika usiku. Upasuaji mmoja, usiku miwili kitandani: dola 31,000. Hospitali ilimpunguzia baada ya barua nne nilizomwandikia mimi, zikabaki 9,000, analipa 120 kwa mwezi. Mshahara uleule, saa zilezile, angekuwa Brooklyn Park angekuwa na kadi ya bima ya jimbo kwenye pochi.

Kuna na vingine vidogo. Kima cha chini cha mshahara Texas ni dola 7.25 kwa saa, palepale tangu 2009. Minnesota mwaka 2025 kilikuwa 11.13. Kule tangu mwaka wa masomo wa 2023 watoto wote wanakula shuleni bure, asubuhi na mchana, sheria iliyopitishwa wanangu wakiwa wameshahama. Mimi huku najaza hela kwenye akaunti ya chakula kila mwezi. Upande wa pili, huku nina majirani Wakongo, na Kiswahili chao kimewafundisha wanangu kusema "tuko bien" kwa sauti ya watu wa Goma. Magoti yangu nayo hayajalia tangu tuhame.

Nikamjibu mdogo wangu hivi: mimi nabaki, kwa sababu nina nyumba na nina bima ya kazini. Wewe huna hata kimoja. Nenda. Kundi la WhatsApp likanishambulia siku mbili, mmoja akaniita balozi wa theluji.

Jumamosi iliyopita alipanda kutoka Houston kuja kuaga. Mume wangu akashusha boksi kutoka gereji, TOA SADAKA bado imeandikwa ubavuni. Jaketi langu limemkaa kama lake. La mume wangu kalikataa, anasema linanuka moshi wa mkaa, na ni kweli. Buti zangu hazikumtosha. Nimemwambia asinunue huku, atauziwa za mvua.